Mama Phelesia Alirudi Kupanda

Watu wanaomkumbuka Mama Phelesia hapa Muhuru Bay husema alikuwa mpole. Mimi niliyepika jikoni mwake na kumuuguza mpaka mwisho nasema hawakumjua vizuri. Mtu mpole ukimwambia kitu hukubali. Mama Phelesia hakuwa mtu wa kuambiwa. Moyo wake ulikuwa mwema, hilo sibishani na mtu, lakini akishaamua jema la kukufanyia, ukatae usikatae, atakufanyia tu.

Alikuwa mama mkwe wangu. Mimi ni Bonareri, mtoto wa Kisii, na mwaka wa tisini niliolewa na Nicholas, kitinda mimba wake. Bomani mle nilimkuta mzee Cephas, baba mkwe wangu, fundi wa mashua ambaye maneno yake ya siku nzima yangeingia kwenye kikombe cha chai na nafasi ikabaki. Kulikuwa na Japheth, mwana wa kwanza, na mkewe. Kulikuwa pia na Joash, wa katikati, ambaye wakati huo alikuwa bado hai.

Sikujua Kijaluo hata neno la kuombea maji. Majirani walikuja kuniangalia, wakazungumza juu yangu mbele yangu, wakaenda zao. Mama Phelesia ndiye aliyekuwa na Kiswahili, maana kwa miaka mingi alikuwa akipeleka omena, dagaa wa ziwa letu, Ntimaru kuwauzia Wakuria. Kilikuwa Kiswahili cha soko. Alisema "hii mtoto" na "ile maji" bila wasiwasi, na mimi niliyesoma mpaka darasa la nane nikawa namsahihisha kimoyomoyo. Haukupita mwaka nikawa nasema kama yeye. Aliniita nyar Kisii, yaani binti wa Kisii, na mpaka leo nikisikia mtu akiniita hivyo sokoni hugeuka haraka, kisha nikakumbuka.

Wiki ya kwanza nilimharibia mzee chakula. Kwetu milimani samaki hatukuwazoea, na nilipopewa ngege wawili nikawatayarisha nilivyoona inafaa: nikakata vichwa, nikawatupia mbwa. Katika boma lile kichwa cha samaki kilikuwa cha mzee. Cephas akaangalia sahani, akaangalia mlango wa jikoni, akauliza kichwa kiko wapi, Nicholas akanitafsiria kwa mnong'ono. Nilitamani ardhi inimeze. Mama Phelesia akajibu akiwa pale pale chini, wala hakuinua uso, kwamba alikuwa na njaa akavila vyote viwili. Mwanamke mzima, mama wa watoto na wajukuu, akajiita mlafi mbele ya wanawe kwa ajili ya msichana aliyemjua kwa siku chache. Baadaye jikoni akaniambia, "Nyar Kisii, ile mbwa leo imekula kuliko mzee." Akacheka mpaka akashika ukuta.

Kisha miaka mibaya ikaja. Wanaokumbuka pwani ya ziwa letu wakati ule wanajua ninachosema. Watu walikuwa wakikonda na kufa, vijana kwa wazee, na Jumamosi tulikuwa tukitoka kanisani tukaenda moja kwa moja matangani. Mke wa Joash alitangulia, kisha Joash mwenyewe. Wakaacha watoto watatu, mkubwa wao Achieng, ambaye meno ya mbele yalikuwa yameng'oka na hayajaota tena. Mama Phelesia aliwachukua siku ile ile ya mazishi. Kila mmoja alimpa kuku wake mwenyewe, akawaambia kuku ni wao na mayai ni yao, ili asiwepo mtoto wa kuwaambia wenzake kwamba hana kitu. Mdogo alikuwa akilala na kuku wake kifuani, nyumba nzima ikanuka, na hakuna aliyeruhusiwa kumkataza.

Niseme sasa juu ya kupanda, maana bila hilo hamtanielewa. Katika boma la Kijaluo watu hawaamki tu wakapanda. Mama wa boma, mke wa kwanza, ndiye anayetia mbegu ya kwanza katika shamba lake. Baada yake mwana mkubwa na mkewe, kisha anayefuata, mpaka wa mwisho. Anayeruka zamu anaingiza chira nyumbani, laana ya kumkondesha mtu mpaka abaki mifupa. Na mtu akifa bomani jembe linalala. Hakuna anayegusa udongo mpaka mazishi na mambo yake yote yaishe, na kwa kifo cha mama wa boma mambo hayo huwa marefu. Mimi nilikuwa nikiyasikia haya na kunyamaza. Kwetu pia tuna yetu.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nne miguu ya Mama Phelesia ilivimba. Akaanza kupumua kwa shida, akawa analala ameketi. Migori walimwangalia wakatuelekeza Homa Bay, kwenye hospitali kubwa, na mimi ndiye niliyekwenda naye, nimembeba Awuor, binti yangu aliyekuwa ameshaanza kutembea, kwa sababu mke wa Japheth alikuwa na mtoto mchanga. Nililala sakafuni kando ya kitanda chake, nikamwosha, nikamlisha. Uji niliomletea aliugawa kwa mama wa kitanda cha pili, na nikimgombeza anasema yule hana mtu. Alikuwa kweli hana mtu, lakini na sisi uji wenyewe tulikuwa tunauhangaikia.

Muuguzi wa pale, Sista Edith, aliniita kando akanieleza bila kuzunguka. Moyo wa mama umechoka, maji yanajaa mwilini, na kinachomsaidia ni dawa na kutulia kitandani. Akikaa pale huenda akapata miezi. Akirudi nyumbani kwenye kazi na majonzi, hawezi kuahidi. Nilishukuru, nikaenda kulia nyuma ya jengo la kufulia, nikanawa uso, nikarudi.

Mvua ilianza mwezi wa tatu. Ilishuka kwenye mabati ya wodi kwa nguvu hata hatukusikilizana, na wagonjwa wakafurahi, wengine wakamsifu Mungu, maana mwaka uliotangulia mahindi yalikuwa yamenyauka mashambani na watu walikula mihogo mpaka wakaichukia. Mama Phelesia peke yake aligeukia ukutani. Nikadhani ana maumivu.

Japheth alikuja baada ya siku kadhaa, viatu vimejaa tope. Alisalimia, akaketi, akazungushazunguka na habari za ng'ombe na za mtoto. Mwishowe akasema majirani wote wamepanda, mahindi ya wengine yameshachomoza. Sisi bado.

"Kwa nini bado?" nikamuuliza.

Akaniangalia. "Mama yuko hapa, shemeji."

"Mama ni mgonjwa. Pandeni."

"Nani ataanza? Wewe?"

Nikamwambia kama ni hivyo nitaanza mimi, hiyo chira ije Kisii kunitafuta. Sikusema kwa mzaha. Nilikuwa nimechoka, mgongo ulikuwa unauma, na niliona wanaume wazima wamekalia mikono ilhali mawingu yanapita. Mchungaji wetu wa Sabato alikuwa akihubiri kila mwaka kwamba mambo haya hayamo katika Biblia, na kila mwaka mke wa mchungaji alimngoja mama mkwe wake apande kwanza. Japheth hakukasirika. Alisema kwa sauti ya chini, "Shemeji, Joash tulimzika juzi tu. Watu bado wanasema alivunja mwiko fulani. Ukiniambia niruke mama yangu, na kesho mtoto wangu aanze kukonda, nitamwambia nini mke wangu?"

Nilijaribu njia nyingine. Nikasema mbegu iletwe hapa hospitalini, mama aishike mkononi, kisha irudishwe ipandwe. Japheth akatikisa kichwa, akasema baba ameshaulizwa hilo. Kinachotakiwa ni mkono wake na udongo wa shamba lake. Mzee Cephas alikuwa amesema neno moja tu: tungoje.

Wakati wote huu Mama Phelesia alikuwa amefumba macho nasi tukadhani amesinzia. Akasema, "Nyar Kisii, unataka nipande kwa hii blanketi?" Akacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza.

Japheth alipoondoka, mama aliniambia nimkalishe vizuri. Nikamwekea mto mgongoni. Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi.

"Mimi nataka kwenda nyumbani," akasema. "Kesho."

"Mama, Sista Edith amesema hapana."

"Sista anajua dawa. Shamba yangu hajui."

"Ukitoka hapa utakufa."

"Na nikikaa hapa?"

Akaendelea, polepole, akipumzika kila maneno machache. Akifia Homa Bay kabla ya kupanda, mwili utapelekwa nyumbani, jembe litalala, wazee watakaa kubishana nani wa kufungua msimu, na mvua itakuwa imekwenda zake. Japheth atapata cha kula kwa wakwe zake. Mimi nitakimbilia Kisii kwa mama yangu. Watoto wa Joash hawana pa kukimbilia. Akasema, "Hiyo watoto tatu, nyar Kisii, ni yako sasa. Si ya Japheth. Japheth ni mtu mzuri lakini anaogopa sana. Kwa shamba yenu ukate kipande ya Achieng na ndugu zake, upande ya kwao kwanza. Umesikia, nyathina?"

Nyathina ni mtoto wangu. Nilimwambia nimesikia. Nilimwambia pia mambo mengine ambayo binti mkwe hapaswi kumwambia mama mkwe: kwamba ana kichwa kigumu, kwamba anataka kuniachia aibu ya kumtoa hospitalini akafe, kwamba mimi sikuja Ujaluoni kuzika mama niliyempata. Alisikiliza yote. Kisha akasema nipumzike, maana safari ni ndefu.

Sista Edith alitusihi sana. Alipoona haisaidii, alinifungia dawa na kunionyesha za asubuhi na za jioni, akamshika mama bega, akaondoka upesi kwenda kwa wagonjwa wengine. Wachuuzi wa samaki walitupa nafasi mbele kwenye pikapu yao, tukarudi Muhuru.

Mzee Cephas alitupokea mlangoni. Hawakuwa watu wa kushikana mikono mbele ya watoto. Alimwangalia mkewe miguu, akamwangalia uso, akaingia ndani akatoka na jembe. "Kwanza apumzike, baba," nikasema. Mama Phelesia akasema kupumzika kupo.

Shamba lake lilikuwa nyuma ya nyumba, na hata huko hakuweza kutembea. Nicholas na Japheth walimbeba kwenye kiti. Mzee mwenyewe ndiye aliyechimba mashimo, yeye ambaye sikuwahi kumwona akimchimbia mtu. Mimi nilimshika mama chini ya kwapa, akasimama, uzito wake wote kifuani kwangu. Alidondosha mbegu za mahindi, mbili mbili, akazifunika kwa mguu wake uliovimba. Shimo linalofuata. Mbegu, mguu. Alikuwa anapumua kwa sauti kiasi kwamba kuku walisogea mbali. Watoto wa Joash walisimama mstari mmoja ukingoni, wametulia kabisa. Nilitaka kumwambia mzee basi, inatosha, lakini alikuwa anachimba huku ameinama na sikuweza kumwona macho.

Mstari haukuwa mrefu. Ulipofika kwenye mkonge wa mpakani mama aliketi chini, kwenye tope, na kumwambia Japheth akafunge ng'ombe wa kulima.

"Leo hii, mama?"

"Leo. Wewe unangoja nini?"

Japheth alilima alasiri ile na siku zilizofuata, mkewe akifuata nyuma na mbegu, mtoto mchanga mgongoni. Mama alikuwa kitandani mwake, ameegemea ukuta, na kila jioni aliuliza wamefika wapi. Wakimwambia wamefika kwenye mti wa siala, anaitikia kwa kichwa. Wakati mwingine alizungumza na watu ambao hawakuwepo, wanawake wa Ntimaru, akiwapimia omena na kuwaongezea kiganja juu, alivyokuwa akiwafanyia zamani. Kisha anarudi kwetu na kuuliza tena. Chakula alikuwa hali tena. Niliweka uji mdomoni mwake na uji ukatoka.

Jioni Japheth alipomaliza, mama aliniita. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana na nililazimika kuinama.

"Kesho ni wewe."

"Ndiyo, mama."

"Usikuje kuniangalia. Ukianza usiache mpaka mwisho. Hata ukisikia naumwa usikuje. Utaniambia ukimaliza."

Nikamwahidi. Nilimpangusa uso, nikageuza mto, nikaondoka. Ningejua ningekaa. Lakini hata ningejua, najua angenifukuza.

Asubuhi Nicholas alitoa ng'ombe, nami nikapita nyumbani kwa mama na kikombe cha uji, ahadi au si ahadi. Mzee Cephas alikuwa mlangoni. Alikipokea kikombe, akasimama pale pale katikati ya mlango.

"Ameamkaje, baba?"

"Alikuambia nini jana?"

"Niende shamba."

"Basi nenda shamba, mama Awuor."

Nilikwenda nikiwa nimekasirika. Nilimwona mzee mkali bila sababu, siku kama ile. Nicholas aliwaendesha ng'ombe na mimi nikafuata mtaroni, nikianza na kipande cha watoto wa Joash kama nilivyoagizwa. Udongo ulikuwa mzuri, mweusi, unashika kidole. Mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya ziwa, na niliharakisha, maana mvua ikinyesha mtaro unafunga. Sikwenda kunywa maji. Awuor wangu aliletwa nimnyonyeshe, nikamnyonyesha nimesimama. Mara moja niligeuka nikaona moshi hautoki jikoni kwa mama, nikasema moyoni kwamba Achieng amezembea kuwasha moto. Nikamaliza kipande cha watoto, nikaingia kwenye chetu. Jua lilipoanza kushuka nilidondosha mbegu ya mwisho mpakani. Nicholas akapeleka ng'ombe ziwani kunywa maji, nami nikanawa mikono nikaenda kumwambia mama.

Boma lilikuwa kimya. Achieng na wadogo zake hawakuwepo. Baadaye nilijua babu yao aliwatuma kwa mke wa Japheth tangu asubuhi na kuwakataza kurudi. Mzee Cephas alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mlango umerudishwa nyuma yake. Uji wangu ulikuwa chini kando yake, umeganda, haujaguswa.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, baba."

"Na kipande ya watoto?"

"Hiyo ndiyo nilianza nayo."

Akaitikia kwa kichwa. Alijaribu kuinuka, magoti yakamkatalia, nikamshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika. Akausukuma mlango, nikamwona mama amelazwa chali, shuka jeupe limevutwa vizuri mpaka kidevuni, mikono imepangwa. Taya lake lilikuwa limefungwa na kitambaa. Yote hayo yalikuwa yamefanywa na mtu mmoja, peke yake, bila kutoa sauti.

"Alienda asubuhi," mzee akasema. "Mlikuwa mnatoa ng'ombe. Alisema nisilie mpaka nyar Kisii amalize."

Yeye aliyetuambia tungoje, yeye aliyeogopa mwiko kuliko sisi sote, alikuwa amekaa na maiti ya mkewe tangu asubuhi huku akiacha jembe letu litembee. Kama kuna chira, alikuwa ameibeba mwenyewe. Sikuuachia mkono wake.

"Sasa tulie," akasema, na akaanza yeye.